Sura ya Nne: Ngano ya Basotu, Hati ya Yaeda

Canada haikuja Hanang na nia mbaya. Nalitanguliza hili kwa kuwa tumezoea visa vya misaada vyenye mwizi na mwibiwa, na kisa cha ngano ya Basotu hakina mwizi wa namna hiyo. Kina serikali changa iliyotaka nchi ijilishe, kina rafiki tajiri aliyebobea katika kilimo cha ngano, kina matrekta yaliyofanya kazi na mashamba yaliyozaa. Hata hivyo, ukitaka kuelewa kwa nini watu wa vijijini humtazama mfadhili kwa jicho la pembeni, anzia hapa.

Shirika la Kilimo na Chakula la Taifa, NAFCO, liliundwa mwaka 1969. Mara baada ya hapo Canada, kupitia shirika lake la misaada, CIDA, ikaanza kugharamia mitambo, utafiti na wataalamu. Mashamba saba yakafunguliwa kwenye nyanda zinazozunguka Basotu, magharibi ya Mlima Hanang: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Kila moja lilikuwa na takribani ekari 10,000, na kadiri miaka ilivyokwenda ardhi yote iliyochukuliwa ikakaribia ekari 100,000. Mkulima wa Saskatchewan angesimama katikati ya Setchet wakati wa mavuno asingejiona ugenini.

Ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga, walikuwa na utaratibu wa kuhamisha mifugo kwa majira, kila aina ya malisho ikiwa na wakati wake. Nyanda zile zenye rutuba, wanazoziita muhajega, ndizo zilizokuwa uti wa mgongo wa utaratibu wote. Ng'ombe walilishwa humo wakati wa mvua, kisha nyasi zikaachwa zipumzike huku mifugo ikielekea kwenye maji ya kudumu. Mtaalamu aliyefika kiangazi angeona uwanda mtupu, na uwanda mtupu kwenye ramani ni shamba linalosubiri trekta. Mtafiti Charles Lane, aliyeishi na Wabarabaig na kuandika kitabu juu ya kupotea kwa malisho yao mwaka 1996, alionyesha kuwa kuondoa muhajega hakukupunguza malisho kwa kiasi cha ekari zilizochukuliwa tu. Kulivuruga mzunguko mzima, na mifugo ikarundikana kwenye sehemu zisizoweza kuihimili.

Kisha yako makaburi. Wabarabaig humzika mzee mwenye heshima kwa ibada ya miezi kadhaa, na juu ya kaburi hujengwa kichuguu cha udongo kiitwacho bung'ed. Mahali hapo ndipo ukoo unaporudi kuomba. Majembe ya matrekta yalipita juu ya baadhi ya makaburi hayo. Nimesoma hesabu za mradi kwa tani na kwa ekari, na najua kwamba hakuna jedwali la mfadhili lenye safu ya bung'ed.

Wanakijiji hawakukaa kimya. Kijiji cha Mulbadaw na wenzao 67 waliifikisha NAFCO mahakamani, na mwaka 1984 Mahakama Kuu, Arusha, ikawapa ushindi. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaupindua, mojawapo ya hoja ikiwa kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Mwaka 1987 serikali ikatoa amri ya kufuta haki za kimila kwenye ardhi ya namna hiyo, ili kesi nyingine zisipate pa kusimama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Canada ikaondoka. NAFCO nayo ikalegea, mashamba yakabinafsishwa, na baadhi yakarudishwa kwa vijiji.

Mradi ulifaulu kwa vigezo vyake. Ulizalisha sehemu kubwa ya ngano ya nchi, na wakaguzi walipokuja walikuta ngano. Tatizo ni kwamba vigezo viliandikwa kati ya Dar es Salaam na Ottawa, na kila ripoti ilipanda kwenda juu. Meneja wa shamba alimjibu mkurugenzi, mkurugenzi akamjibu waziri na mfadhili, na hakuna hata mmoja aliyepaswa kumjibu mzee wa Kibarabaig aliyetaka kujua kwa nini kaburi la baba yake limelimwa. Alipokwenda kuuliza aliambiwa hilo ni suala la serikali, na mfadhili akasema haingilii mambo ya ndani ya nchi. Jibu hilo la heshima kwa mamlaka ya nchi lina adabu zake, lakini mtu anayelipia trekta ameshaingilia.

Ajabu ni kwamba aliyekuja kuwasema wafadhili hadharani hapa Tanzania alikuwa Mkanada vilevile. Mwaka 1994 uhusiano kati ya serikali na wafadhili ulikuwa umeharibika vibaya: wafadhili walilalamikia misamaha ya kodi na rushwa, serikali ikalalamikia amri zisizokwisha. Denmark ikagharamia jopo la washauri huru chini ya profesa wa uchumi wa Toronto, Gerald Helleiner. Ndani ya jopo walikuwemo Tony Killick, Knud Erik Svendsen na Watanzania wawili, Ibrahim Lipumba na Benno Ndulu. Ripoti yao ya 1995 haikumpendelea mtu. Iliiambia serikali kuwa imeacha kuongoza maendeleo yake yenyewe, na ikawaambia wafadhili kuwa wanaingilia mno, wanaleta miradi iliyoko nje ya bajeti, kisha wanashangaa mwenye nyumba haijali. Baadaye kikaundwa kikundi huru cha kufuatilia pande zote mbili, yaani mfadhili naye akawa anapimwa. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo geni karibu kila mahali duniani, na naona tumelisahau upesi kuliko lilivyostahili.

Lakini Helleiner na wenzake walizungumzia serikali na serikali. Asasi ndogo ya Katesh au Dongobesh haimo katika mazungumzo hayo. Kwa hiyo tuvuke upande wa Mbulu.

Bonde la Yaeda liko chini ya nyanda za juu za Wairaqw, joto, lenye mibuyu na migunga, na ndimo wanamoishi sehemu kubwa ya Wahadzabe, watu wapatao 1,000 na ushee kwa jumla, ambao baadhi yao bado hutegemea uwindaji, asali, mizizi na matunda. Kwa miaka mingi ardhi yao ilimegwa kutoka kila upande: wafugaji walishuka na mifugo, wakulima wakafuata na majembe, na kila aliyefika alisema pale hapana mwenyewe. Hoja ile ile ya Basotu. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji yenye uhusiano na familia ya kifalme ya Falme za Kiarabu ilikaribia kukabidhiwa bonde kama kitalu. Wahadzabe walipinga, habari zikasambaa hadi nje, na kampuni ikajitoa.

Kujitoa kwa kampuni moja hakumlindi mtu na kampuni ya pili. Kilichobadilisha mambo ni kazi ya polepole ya asasi iitwayo Ujamaa Community Resource Team, UCRT, yenye makao yake Arusha. Walishika kifungu cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kinachoruhusu hati ya hakimiliki ya kimila, wakauliza swali ambalo watu wengi hawakuwa wameliuliza: kama mtu mmoja anaweza kupewa hati, kwa nini jamii nzima isipewe? Mwaka 2011 Wahadzabe wa kijiji cha Mongo wa Mono wakapata hati ya pamoja. Edward Loure, aliyeongoza kazi hiyo ya hati za jamii kwa Wahadzabe na wafugaji wa kaskazini, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2016.

Inafaa tuangalie kwa karibu jinsi hati hiyo inavyopatikana, kwa sababu picha za tuzo huficha jasho. Kwanza mipaka ya kijiji, na mpaka hauwekwi na upande mmoja: jirani lazima aje, Mdatoga na Mwiraqw wakae na Mhadzabe, watembee hadi kwenye mti au korongo linalobishaniwa, na wakishindwana warudi siku nyingine. Kisha mpango wa matumizi bora ya ardhi: hapa malisho, hapa makazi, hapa mizizi na asali, hapa hapalimwi. Kisha halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu wa kijiji, ambako mtu yeyote aliyefikisha umri anaweza kunyanyuka na kukataa. Kisha wilayani kwa ofisa ardhi, ambaye huenda hana mafuta ya gari wala karatasi za hati. Ugomvi wa korongo moja unaweza kula msimu. Mfadhili aliyetoa ruzuku ya miezi 12 angekuwa ameshadai ripoti ya mwisho kabla wazee hawajakubaliana watembee kuanzia wapi. UCRT iliweza kwa sababu ilikuwa na wahisani waliokubali kukaa nayo miaka kwa miaka, na kwa sababu watu wake wametoka katika jamii hizo za wafugaji na hawakuwa na pa kukimbilia mradi ukiisha.

Fedha ya kaboni ilijengwa juu ya hati hiyo. Kampuni ya Carbon Tanzania, iliyoanzishwa na Marc Baker na Jo Anderson, ilifanya makubaliano na jamii za Yaeda: msitu ukilindwa kwa mpango walioukubali wenyewe, kaboni isiyopotea huthibitishwa chini ya viwango vya Plan Vivo na kuuzwa kwa wanunuzi wa nje, na zaidi ya nusu ya mapato hurudi kwa jamii. Vijana wa kijiji hulipwa kufanya doria, na mengine hupangwa na kijiji chenyewe: matibabu, ada na chakula cha wanafunzi. Kinachonivutia ni nani anapanga. Mkutano ukiamua fedha ziende hospitali badala ya kujenga darasa, hakuna mtu wa Ulaya anayepaswa kuombwa ruhusa ya kubadili kifungu cha bajeti.

Sitaki msomaji aondoke akidhani Yaeda ni peponi. Bei ya kaboni haipangwi Mongo wa Mono, mkataba wake ni mgumu hata kwa wakili, na soko hilo duniani lina walaghai wake. Mwaka 2023 magazeti ya Uingereza na Ujerumani yaliibua mashaka mazito juu ya vyeti vya misitu vilivyokuwa vikiuzwa kwa makampuni makubwa. Wanunuzi wakikimbia, doria zitalipwa na nani? Swali hilo halina jibu rahisi. Tofauti na Basotu ni kwamba wanunuzi wakikimbia, ardhi haitaondoka nao. Aliyepewa hati anaweza kukataa mkataba unaofuata, na kwangu mimi hapo ndipo mazungumzo ya kuaminiana yanapoanza kuwa na maana. Kabla ya hapo mfadhili anaweza kuwa mpole, akala ugali na wenyeji, akajifunza salamu za Kiiraqw, na bado amri ni yake.

Haydom inatoa somo jingine, la muda. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilijengwa na wamisionari wa Norway na kufunguliwa mwaka 1955, mahali ambapo barabara haikuwepo. Mwaka 1963 ikakabidhiwa kwa Kanisa la Kilutheri la hapa nchini. Makabidhiano ya karatasi yalikuwa ya siku moja. Makabidhiano ya kweli yamechukua vizazi, maana fedha za Norway ziliendelea kubeba sehemu kubwa ya gharama kwa miongo mingi, na hospitali inayotegemea mfuko mmoja hukohoa kila mfuko huo ukipata baridi. Hilo ni deni la mapenzi ya muda mrefu, na halina budi kusemwa.

Lakini tazama kilichotokea baadaye. Haydom ikawa kitovu cha utafiti wa uzazi salama pamoja na wenzao wa Stavanger, na kati ya 2021 na 2023 mpango wa Safer Births ukapelekwa katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ukiratibiwa kutoka Haydom pamoja na Wizara ya Afya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine, na mwandishi wa kwanza ni Benjamin Kamala wa Haydom. Vifo vya akina mama katika vituo hivyo vilishuka kwa takribani asilimia 75, na vifo vya watoto wachanga katika saa 24 za kwanza kwa takribani 40. Vifaa vilikuwemo, ndiyo: mwanasesere wa kufanyia mazoezi ya kumsaidia mtoto kupumua, kipimo cha mapigo ya moyo. Lakini kiini cha mpango ni kwamba wakunga wa kila kituo walitazama takwimu zao wenyewe mara kwa mara na kuamua wiki hiyo wafanye mazoezi ya nini. Takwimu zilizokuwa zikisafiri kwenda kwa mfadhili zilibaki kwanza kwa mkunga. Ni badiliko dogo kwenye mchoro wa mradi, ila mwenye takwimu ndiye mwenye neno.

Huko Marekani kumwachia neno anayefanya kazi kumepewa jina. Mfuko wa Whitman Institute wa San Francisco ulihubiri kwa miaka utoaji unaojengwa juu ya kuaminiana, na mwaka 2020 likaanzishwa vuguvugu la kuueneza: toa ruzuku ya miaka mingi, usiifunge kwenye vifungu, punguza makaratasi, sikiliza. MacKenzie Scott amegawa mabilioni ya dola kwa njia hiyo bila kudai andiko wala ripoti nene. Ni habari njema kwa wanaofikiwa. Asasi ya watu wanne yenye chumba cha kupanga Katesh hufikiwa mara chache. Ruzuku huifikia baada ya kupita Washington, Dar es Salaam na Arusha, na kila kituo kimekata chake cha uendeshaji. Inapofika chini, kifungu cha uendeshaji ndicho kinachofutwa. Mhasibu anatakiwa aandike ripoti ya fedha kila robo mwaka lakini mradi haumlipi mshahara wa kuiandika.

Matokeo tunayajua wote, ingawa kwenye semina hatuyasemi. Mkono mtupu haulambwi, na asasi ikinyimwa fedha ya kodi ya pango itaitafuta ndani ya fedha ya mafunzo. Wahudhuriaji 30 wanakuwa 45, risiti za chai zinanunuliwa kwa kitabu kizima, posho inasainiwa na watu ambao hawakutoka nyumbani. Wengine hawana hata kisingizio cha kodi: zipo asasi za mkobani ambazo mwenyekiti, katibu na mweka hazina ni mume, mke na shemeji. Mfadhili akiona hayo huongeza fomu. Asasi ikiona fomu huongeza ujanja. Na kanuni za serikali za mwaka 2018 zinazoitaka asasi kutangaza vyanzo vya fedha zake zimeongeza karatasi nyingine juu ya hizo, japokuwa zingeweza kutumika vizuri kama matangazo hayo yangebandikwa kijijini na si kuishia kwa Msajili.

Wakati huohuo wanawake wa kijiji chochote cha Mbulu au Hanang wana sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa wanachama watatu ambao si viongozi, na mweka hazina anayekaa na sanduku hana hata mmoja. Siku ya kikoba fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote, kiasi kinatajwa, na wanachama wanaambiwa wakishike kichwani. Wiki ijayo mkutano unaanza kwa kuulizana salio lilikuwa shilingi ngapi. Asiyejua kusoma anakagua sawa na mwalimu mstaafu. Hakuna aliyetakiwa kumwamini mtu. Kuaminiana kumekuja baada ya miezi, kwa sababu madaraka yaligawanywa tangu siku ya kwanza. Wafadhili wamekuwa wakiwafundisha wanawake hawa utawala bora kwa miaka mingi. Nadhani umefika wakati wa kuwaomba wawafundishe wao.

Maana mfuko wa wafadhili wenyewe bado una kufuli moja. Mwaka 2021 shirika la misaada la Marekani, USAID, liliahidi kwamba ifikapo 2025 robo ya fedha zake zitakwenda moja kwa moja kwa asasi za wenyeji. Kiwango kiliganda karibu na asilimia 10. Kisha Januari 2025 amri ikatoka Washington, miradi ikasimamishwa kwa barua pepe, na kufikia Julai shirika lenyewe halikuwepo. Hakuna mkutano mkuu wa kijiji ulioulizwa, wala asasi moja ya Tanzania iliyokuwa na kifungu cha mkataba cha kusema subirini kwanza.

Kwa hiyo wewe unayeketi upande wa asasi, siku utakapoletewa mkataba mwingine usianze na jumla ya fedha. Soma kipengele cha kuvunja mkataba: nani anaweza kuvunja, kwa notisi ya siku ngapi, na nani atalipa mishahara ya miezi hiyo. Omba kiandikwe kwa Kiswahili. Omba asilimia halisi ya uendeshaji, na ueleze inatumika wapi bila kuona haya. Bandika bajeti kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kabla hujaipeleka kwa mkaguzi. Nawe unayeketi upande wa fedha, ukifika Hanang au Mbulu, pita kwa mtendaji wa kijiji umwombe muhtasari wa mkutano mkuu uliojadili mradi wako. Ukikuta mradi haumo kwenye muhtasari wowote, usisaini. Rudi ukae kwenye mkutano, na ukubali kwamba wanaweza kuukataa.